Mhariri, kilichoanguka ni serikali, sio bunge

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku. Kwenye kurasa zenu za habari za nje nakutana sana na vichwa kama "serikali yapitisha sheria", na kukipigwa kura ya kutokuwa na imani mahali mnaandika nchi imebaki bila uongozi. Jamani, serikali haipitishi sheria. Inapeleka muswada, wa kupitisha ni bunge, na ndo maana waziri anaweza kuingia nao mle ndani akatoka mikono mitupu.

Chukua Ufaransa, Desemba 2024. Waziri Mkuu Michel Barnier, ambaye alikuwa ameteuliwa Septemba tu, alilazimisha muswada wa fedha za hifadhi ya jamii upite bila kupigiwa kura, katiba yao inaruhusu, ila inawaruhusu na wabunge kumjibu kwa kura ya kutokuwa na imani, nao wakamjibu kweli, zilitakiwa kura 288 zikapatikana 331, jamaa akaenda kujiuzulu. Sasa hapo kilichoanguka ni nini? Ni serikali, yaani yeye na mawaziri wake. Wabunge kesho yake walikuwa wabunge vilevile, na Rais Macron hakuguswa maana yeye kachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Hata wiki mbili hazikuisha akateuliwa François Bayrou.

Nakubali kuna mahali panachanganya. Uingereza mawaziri karibu wote ni wabunge pia, wanakaa ukumbi mmoja na wanaowahoji, na mwaka 1979 serikali ya James Callaghan iling'oka kwa kura 311 kwa 310, kura moja tu! halafu bunge nalo likavunjwa ili uchaguzi ufanyike, kwa hiyo mtu akitazama kwa mbali anaona vyote vimeondoka pamoja. Tanzania nako waziri anatoka bungeni. Lakini Kenya katiba ya 2010 ilikataa, waziri hawezi kuwa mbunge, na Uholanzi ni hivyohivyo.

Ubelgiji ndo kiboko. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010 vyama vilivutana siku 541 bila kuunda serikali mpya, na muda wote huo bunge lilikuwepo, limechaguliwa, linakaa, huku mawaziri wa zamani wakiendesha shughuli za kila siku. Kuwa na bunge hakukupi serikali, wabunge lazima kwanza wakubaliane wampe nani.

Mnaweza kusema haya ni mambo ya wasomi, mi naona hapana, kwa sababu mkichanganya nyie na sisi wapiga kura tunambana mtu asiyehusika. Mbunge anakuja kampeni anaahidi barabara kama vile hela anayo yeye, wakati kazi yake ni kuidhinisha bajeti na kumbana waziri aseme zimeenda wapi, anayejenga ni serikali. Tukimuuliza "umetujengea nini" anafurahi sana, maana hatujamuuliza alipiga kura gani siku ya bajeti, au kama alikuwepo kabisa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo tu, mkiripoti muswada andikeni nani kaupeleka, nani kaupitisha, na waliosema hapana walikuwa wangapi.

Msomaji wenu