YAH: Ripoti yenu imesema sikushiriki kikao ambacho mimi ndo nilikiandika

Habari zenu watu wa huduma kwa wateja,

Hii ni mara ya tatu nawaandikia, zile mbili za mwanzo nilijibiwa na roboti lenu "boresha mwanga na ukae katikati ya kamera", kwa hiyo naomba safari hii asome binadamu, tena asome mpaka mwisho maana nina hasira lakini pia nina hoja.

Kazini kwetu tunafanya vikao vya online kwa programu yenu na sikuwahi kuwa na shida nayo, sauti safi, kurekodi kunafanya kazi, sina neno. Shida imeanza mlipoleta hicho mnachokiita kipimo cha ushiriki, yaani kikao kinaendelea huku mfumo unachambua video ya kila mtu, kikiisha bosi anatumiwa ripoti nani alikuwa active na nani alikuwepo kama picha ya ukutani. Wiki iliyopita tulikuwa watu 9, kikao cha saa moja na nusu, mimi nikawa wa mwisho. Asilimia 11. Na pembeni mmeniandikia "amechoshwa".

Sasa sikilizeni, mimi ndo katibu wa vikao hivyo. Muda wote nilikuwa naandika muhtasari kwenye skrini ya pili iliyo upande wangu wa kushoto, kwa hiyo kamera ilikuwa inaona shavu na sikio. Nilikuwa nimezima maiki kwa sababu keyboard yangu ina kelele na watu wamenilalamikia sana hapo nyuma. Yaani kila nilichofanya ili kazi iende vizuri nyie mmekihesabu kama utoro! Mtu pekee aliyesikia kila neno la kila mtu ndo mmemuweka mkiani.

Aliyekuwa wa kwanza je? Asilimia 86, mwenzetu mmoja simtaji maana ni rafiki yangu na ameshatucheka vya kutosha. Alikuwa anatafuna pipi na kutikisa kichwa, baadaye akakiri alikuwa anasikiliza mziki sikio moja. Mwenyekiti alipomuuliza swali akajibu "samahani, hebu rudia", na hilo siwasingizii, nimeliandika kwenye muhtasari. Mdomo unacheza, kichwa kinaitikia, sura imetazama mbele, basi mfumo wenu ukaona huyu ndo mchapakazi.

Nikaingia kwenye ukurasa wenu wa maelezo nione mnapima nini hasa. Mnasema mnatafuta uso kwenye kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, mnaweka alama kwenye macho, pua na mdomo, halafu mnakadiria kichwa kimeelekea wapi, macho yanaangalia wapi, mdomo unafunguka mara ngapi, mnachanganya na sauti ya maiki inatoka namba moja. Sawa, kwa kujua nani anaongea ili picha yake ije mbele hiyo ni akili nzuri na sina ugomvi nayo, mdomo na sauti vikienda pamoja ni kweli mtu anaongea. Lakini kusikiliza mnakuona wapi jamani? Kufikiri mnakupima kwa pua? Halafu hata hilo la macho lina kasoro ya wazi kabisa, kamera nyingi ziko juu ya skrini, mtu akimtazama usoni anayeongea, kwenye kamera yeye anaonekana ameangalia chini, ili mfumo uridhike inabidi atazame kile kitundu cha kamera na asimuone mwenzake.

Na sio mimi tu. Tuna mwenzetu kiziwi, anafuatilia kikao kwa mkalimani wa lugha ya alama aliyebandikwa kwenye kona ya skrini, macho yake hayatoki hapo, na akichangia anaandika kwenye chati. Asilimia 19. Mwingine mtandao wake ni dhaifu, picha inagandaganda, uso uliogandishwa na intaneti mmeuhesabu kama mtu asiyejali. Hapo mnapima bando la mtu, hampimi ushiriki.

Kuna la rangi ya ngozi pia na sitalipita. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kampuni kubwa iliyokuwa inatambua jinsia kwa kuangalia sura, wanawake wenye ngozi nyeusi ilikosea mpaka karibu asilimia 35 wakati wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1. Najua kutambua jinsia sio kupima ushiriki, ila kamera ni zilezile na nyuso ni zilezile, kwa hiyo nawauliza, wa kwenu mmeupima kwa ngozi za watu gani? Ukurasa wenu hausemi kitu.

Hilo neno "amechoshwa" ndo lilinikera kuliko namba. Mnajuaje? Mimi nikikazana kuandika nakunja uso, ndivyo nilivyoumbwa. Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao ya akili bandia wamepiga marufuku kuanzia tarehe 2 Februari 2025 mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama. Zoom nao waliwahi kuwa na kipimo chepesi kuliko hiki, kilikuwa kinamuonyesha mwenye kikao kama dirisha la Zoom halijawa mbele kwenye kompyuta ya mtu kwa zaidi ya sekunde 30 wakati skrini inashirikishwa, wakakiondoa Aprili 2020 baada ya kelele za watu. Na hicho hata uso kilikuwa hakiangalii!

Ninachotaka sio fidia. Nataka mumwandikie bosi wangu kwamba ile namba haimaanishi sikushiriki, kwa maneno yenu na sio kwa link. Data za uso wangu za kikao kile zifutwe na nipewe uthibitisho. Ripoti za namna hii mhusika azione kwanza kabla hazijaenda kwa mkubwa wake, na awe na sehemu ya kupinga, maana mimi nimejua nina asilimia 11 baada ya kupigiwa simu na kuulizwa kama nimechoka na kazi. Na hicho kipimo kizimwe mpaka mtu akubali mwenyewe, sasa hivi kinakuja kikiwa kimewashwa na swichi yake anayo bosi tu.

Kama lazima mjue nani alishiriki, muhtasari upo: umeandika nani alitoa hoja, nani alipinga, nani kapewa kazi gani na ya lini. Nimeuambatanisha hapa, kurasa 6, wa kikao kilekile nilichokuwa "nimechoshwa".

Nasubiri jibu, na roboti asijisumbue.

Ni mimi,
Katibu wa kikao