Sarafu iliyoumia mtaani si sarafu iliyokosewa kiwandani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua. Picha za sarafu zinazunguka sana kwenye makundi ya simu: mia yenye mstari juu ya swala, mia mbili iliyolika ukingo, hamsini iliyogeuka nyekundu, na chini yake maneno kwamba "hii imekosewa kiwandani, mwenye pesa aje". Karibu zote ni sarafu zilizoumia baada ya kuingia mtaani. Anayenunua anapoteza fedha yake, na anayeuza mara nyingi hana hata nia mbaya, hajui tu. Makosa halisi, kwa upande wao, huwa hayana vituko. Yanapita mkononi mwa konda, yanaishia kwenye kopo la chenji la muuza genge, na hakuna anayeyatazama mara mbili. Hilo la pili ndilo linalotuuma zaidi.

Tofauti ni ile ya alama ya kuzaliwa na kovu. Ili kuijua, sharti kwanza ujue sarafu inavyozaliwa. Madini huviringishwa yakawa bamba la unene sawa. Mashine inakata visahani vya mviringo kutoka kwenye bamba hilo, kisha vinabanwa pembeni ili ukingo uinuke kidogo. Vile vya chuma hufunikwa kwa ganda la madini mengine, na vyote hupashwa moto vilainike. Mwisho kabisa kisahani kinaingia ndani ya pete ngumu, kati ya mihuri miwili, wa juu na wa chini, kinagongwa mara moja kwa nguvu ya makumi ya tani. Pigo hilo moja linatoa uso wa mbele, uso wa nyuma na meno ya ukingoni kwa pamoja. Basi kila alama unayoiona kwenye sarafu iulize swali moja: ni hatua ipi kati ya hizi ingeweza kuiacha? Kama huwezi kuitaja hatua hiyo, hilo ni kovu.

Chukua ile mia yenye mstari juu ya mgongo wa swala. Washa tochi ya simu, ilaze karibu usawa wa meza ili mwanga uje kwa ubavu, halafu izungushe sarafu polepole. Mstari ukiwa umeinuka kama mshono, muhuri ulikuwa na ufa, na madini yaliingia kwenye ufa yakabaki juu. Utauona unapanda juu ya mnyama na kushuka upande wa pili bila kukatika, na mara nyingi umeanzia ukingoni. Mstari ukiwa umezama, ni mkwaruzo. Lakini hapa kuna mtego: mkwaruzo mkali husukuma madini pembeni na kuacha tuta jembamba kando ya mfereji. Anayelitazama tuta peke yake ataapa kwamba limeinuka. Tafuta mfereji ulio ubavuni mwake. Ufa wa muhuri hauna mfereji.

Muhuri ukimeguka kabisa pembeni, sarafu zinazofuata hutoka na bonge laini lililogusana na ukingo, lisilo na nakshi yoyote. Geuza sarafu utazame mahali palepale upande wa pili: nakshi huwa hafifu, kwa sababu madini yalikimbilia kwenye pengo la muhuri. Tone la lehemu lililodondoka kwenye meza ya fundi redio halina habari na upande wa pili. Limekaa tu juu ya nakshi, na ukilitazama kwa lenzi unaona mpaka wake.

Sarafu inayosumbua watu kuliko zote ni ile iliyomegwa, yenye pengo pembeni kama chapati iliyong'atwa. Kosa halisi la namna hii hutokea pale bamba lisiposogea vya kutosha, mashine ikakata kisahani kipya juu ya tundu la kile cha kwanza. Pengo lake ni sehemu ya duara safi. Sasa fuata jambo ambalo wenye tupa hawalijui. Kisahani chenye pengo kikipita kwenye mashine ya kuinua ukingo, upande ulio mkabala na pengo haubanwi sawasawa, maana ng'ambo hakuna cha kusukumia. Kwa hiyo usilikodolee macho pengo lenyewe. Tazama ng'ambo yake: ukingo hapo huwa umefifia au haupo kabisa. Wakusanyaji wa sarafu wanaiita athari ya Blakesley. Pengo dogo sana linaweza lisiwe nayo, lakini ukiikuta ni ushahidi mzito.

Kisha tazama herufi zilizo jirani na pengo. Kwenye kosa halisi hufifia na kuvutika kuelekea pengoni, kwa sababu wakati wa pigo madini yalipata nafasi ya kutiririka. Herufi iliyokatwa kwa msumeno inakatika ghafla, nusu yake ikiwa kali na nzima. Na kwa sarafu za chuma chenye ganda kuna kipimo kizuri zaidi: kisahani hukatwa kabla ya kufunikwa, kwa hiyo kwenye pengo la kweli ganda limeingia hadi ndani. Ukiona chuma tupu, mistari ya tupa au kutu kwenye mkato, sarafu ilikatwa baada ya kutoka kiwandani. Tukumbushane pia kwamba kupunguza chuma cha sarafu kisha kuirudisha kwenye matumizi ni kosa la jinai.

Yapo na maandishi yanayoonekana mawili. Mihuri inapolegea, hutetemeka mara tu baada ya pigo na kukwangua ubavu wa herufi. Matokeo yake ni ngazi bapa, iliyo chini karibu na uwanda wa sarafu, yaani ile sehemu tambarare isiyo na nakshi, na herufi yenyewe inakuwa nyembamba kuliko kawaida. Ilitokea kiwandani kweli, lakini ni ya kawaida mno na wakusanyaji hawailipii. Muhuri uliochorwa mara mbili tangu mwanzo ni jambo jingine. Hapo herufi zote mbili zina mgongo wa duara na kimo kinacholingana, herufi kwa jumla ni nene, na kwenye kona zake kuna vijipengo kama mkia wa mbayuwayu. Muhuri kama huo hutoa sarafu nyingi zinazofanana, kwa hiyo ya pili ikipatikana yenye alama ileile mahali palepale, dai lako limepata shahidi.

Rangi nayo inadanganya sana, hasa katika jiji la chumvi kama letu. Hamsini na mia nyingi tulizonazo mfukoni ni chuma kilichofunikwa kwa shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Zikipita kwenye moto wa jalala, zinki hutoka na shaba hubaki, ndiyo maana zinakuwa nyekundu. Zikikaa kwenye mchanga wenye maji ya bahari, ganda hutoboka, chuma cha ndani hupata kutu na kulisukuma ganda kutoka chini. Zikioshwa kwa asidi inayokula ganda lote, sarafu inabaki ya kijivu. Hii ya mwisho ndiyo inayouzwa kama "iliyosahauliwa kupakwa". Sarafu iliyogongwa bila ganda kweli ina nakshi kali, nywele za kwenye picha zinahesabika na ukingo umejaa. Iliyooshwa kwa asidi ina nakshi iliyofifia, vijishimo vidogo kila mahali na uzito pungufu. Vijipele vilivyojaa hewa chini ya ganda ni kasoro ya upakaji, vinatoka kiwandani, ila ni vingi na havina thamani.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Nakshi iliyohama upande mmoja na kuacha hilali tupu kwenye nyuso zote mbili ni kosa halisi. Ikiwa imehama uso mmoja tu, ni muhuri mmoja uliokaa vibaya, na thamani yake ni ndogo. Sarafu iliyogongwa nje ya pete huwa pana, nyembamba na haina meno ukingoni, lakini nakshi yake ni nzima. Iliyokanyagwa na lori au kuwekwa kwenye reli huwa pana pia, ila nakshi imelala. Herufi za kinyume zilizozama zinaonyesha karibu kila mara kwamba sarafu mbili zilibanwa pamoja kwenye jiriwa. Herufi iliyokosekana lakini mahali pake ni laini na pana mng'ao uleule, muhuri ulijaa grisi. Pakiwa na mikwaruzo, ilifutwa. Tundu, pembe za hamsini zilizosagika na ukingo uliotumika kufungulia skurubu havina mjadala.

Sarafu yenye kichwa pande zote mbili, ile ya mchezo wa kurusha shilingi, imetengenezwa kwenye mashine ya kuchonga vyuma. Sarafu moja huchimbwa ikawa kama kikombe, nyingine husagwa ikaingia ndani yake. Tafuta mshono mwembamba unaozunguka mahali uwanda unapokutana na ukingo. Idondoshe mezani karibu na nyingine ya aina ileile: iliyounganishwa hulia butu.

Vifaa havihitaji mtaji mkubwa. Mzani mdogo wa masonara unaosoma hadi gramu 0.01, lenzi ya fundi saa inayokuza mara kumi, sumaku na kalipa ya kupimia kipenyo vinatosha. Usipime sarafu moja peke yake. Chukua kumi za aina na mwaka uleule, zipime, andika ya chini na ya juu, ndipo upime unayoishuku. Mwaka ni muhimu, kwa sababu madini ya sarafu hubadilishwa toleo hadi toleo. Mia tano ya nyati iliyoanza kutumika 2014 ina uzito wa gramu 9.5 na kipenyo cha milimita 27.5, ni chuma chenye ganda la nikeli, kwa hiyo hunaswa na sumaku. Ukikuta isiyonaswa, usikimbilie kusema imegongwa kwenye kisahani cha nchi nyingine. Kwanza iinamishe kwenye mwanga uone kama alama iliyofichwa inabadilika kati ya 500 na BOT, kifupi cha Benki Kuu ya Tanzania kwa Kiingereza. Isipobadilika, shuku kwanza kwamba ni ya bandia.

Kwa muhuri uliozunguka, yaani uso mmoja umekaa kwa pembe isiyolingana na mwingine, kuna jaribio la sekunde tano. Shika sarafu kwa kidole gumba chini na cha shahada juu, kichwa kikiwa kimesimama wima, kisha izungushe kama mlango. Fanya hivyo kwa tano au sita za aina hiyo. Inayotoka mnyama wake ameinama kuliko wenzake ipime pembe. Nyuzi chache si kitu. Tisini au zaidi ni ya kuweka pembeni.

Na tafadhali, usiisafishe. Limau, majivu, dawa ya meno na steliwaya huondoa uso wa juu wa sarafu, na uso huo ndio unaoonyesha kama mahali palipokosekana nakshi pana mng'ao wa pigo au mikwaruzo ya tupa. Kosa la kweli likishasuguliwa haliwezi tena kujitetea. Ishike kwa ukingo, ifunge kwenye karatasi kavu, andika tarehe na mahali ulipoipata.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Picha ya sarafu ya namna hii ikifika mezani kwako, usiichapishe ikiwa ya uso mmoja. Mtake mwenye nayo alete picha za nyuso zote mbili, picha ya ukingo iliyopigwa mkabala na dosari, na uzito wake pamoja na uzito wa nzima ya mwaka uleule. Kwa vitu hivyo vinne, msomaji mwenye lenzi ataweza kuamua mwenyewe akiwa nyumbani kwake.

Wakusanyaji wa sarafu,
Ilala, Dar es Salaam