Barua kwa mwanangu: lenzi tatu kwenye boksi la Kariakoo

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu, na mdogo wako kila siku anauliza unarudi lini. Jana asubuhi nilikwenda ulikonituma. Nilipanda mwendokasi hapo Mapipa, nikashukia Gerezani, nikamtafuta yule kijana wa kamera za mtumba mpaka nikampata. Kwa niliyoyaona huko meseji haitoshi, ndiyo maana nimekaa kitako kukuandikia.

Lenzi zote tatu zipo. Amezilaza kwenye boksi la viatu, juu ya kipande cha khanga: Jupiter-9 ya Kirusi ya milimita 85, Nikkor ya 105 na Super-Takumar ya 135 (namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta karibu zaidi). Najua moyo wako uko kwenye hiyo 135. Uliniambia, "Mama, inafuta kila kitu cha nyuma, uso unabaki peke yake." Ni kweli, inafuta. Lakini kabla hujanitumia hela ya kuilipia, simama hapo chumbani kwako Dodoma uhesabu hatua kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Kamera yako ni Sony A6000. Sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni milimita 23.5 kwa 15.6, wakati picha moja ya mkanda niliokuwa natumia mimi ni 36 kwa 24. Kwa hiyo lenzi ileile ikifungwa kwako inaona pembe nyembamba zaidi, kama umeizidisha mara moja na nusu. Hiyo 85 kwako inafanya kazi ya 127, 105 inakaribia 160, na 135 inapita 200. Sasa chukua mtu, mpige kichwa na mabega, kamera umeisimamisha wima. Kwa 135 utahitaji mita tatu na nusu kati yako na yeye. Chumba cha kupanga cha huku kwetu ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu, na humohumo kuna kitanda, kabati na ndoo za maji. Utapigia ukiwa uani? Kwa 85 unahitaji mita mbili na robo. Hiyo inawezekana: wewe umeegemea kabati, yeye amekaa kitandani upande wa dirisha.

Mita mbili, mwanangu. Kazi yangu yote imekaa kwenye mita mbili.

Unajua nilianza kuitwa kwenye shughuli za kina mama kwa sababu wapiga picha wote walikuwa wanaume, na wanaume mlango ule hawavuki. Mara ya kwanza nilikwenda na lenzi ya 50 peke yake. Ili uso wa mwali ujae kwenye picha ilinibidi nimsogelee hata mita moja haifiki, magoti yangu karibu yaguse yake. Binti akainamisha kichwa, mabega yakapanda juu. Kungwi akanishika mkono akanirudisha mpaka kizingitini. Akaniambia, "Picha piga, lakini pumzi yako asiisikie." Sikupata picha hata moja ya maana usiku ule. Mwezi uliofuata nilinunua 105 kutoka kwa mpiga picha wa gazeti aliyekuwa anaacha kazi, nikarudi kwenye shughuli nyingine, nikasimama palepale mlangoni alipoishia mkeka. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mwali aliinua macho mwenyewe.

Watu wanasema lenzi hizi ndefu kidogo zinapendezesha uso. Uso haupendezeshwi na lenzi, unapendezeshwa na umbali. Ukimsogelea mtu kama unavyojipiga na simu, pua iko karibu mno na kamera kuliko masikio, basi pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Ukirudi mita mbili, tofauti hiyo inakuwa ndogo na uso unakaa kama macho yetu yalivyouzoea. Lenzi inakusaidia tu kuujaza uso kwenye picha bila kusogea tena mbele. Ndiyo sababu nakuuliza habari za chumba kabla ya habari za lenzi.

Nikkor ya 105 ndiyo niliyoikimbilia kwanza pale dukani, maana ni ndugu wa ile yangu. Ni lenzi yenye historia. Mpiga picha Steve McCurry aliitumia mwaka 1984 kumpiga msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, picha iliyotoka kwenye jalada la jarida la National Geographic la Juni 1985. Wengi huitaja kwa ajili ya macho yale. Mimi hukumbuka kitu kingine: jina la msichana, Sharbat Gula, lilijulikana mwaka 2002 tu, walipomtafuta na kumpata tena. Miaka kumi na saba dunia nzima ilimtazama usoni bila kumjua jina. Mimi daftari langu la shughuli lina jina la kila mtu niliyempiga, na nataka na wewe uwe nalo.

Basi nikaichukua ile Nikkor ya dukani nikawasha tochi ya simu. Fanya hivi kila mara, muuzaji akununie asikununie. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, pitisha mwanga kutokea nyuma, tazama kwa mbele huku unaizungusha taratibu. Usitazame katikati ya mwanga, tazama pembeni yake. Sisi huku vyote tunaviita ukungu, lakini viko viwili. Kuna ukungu wa mvuke, kama kioo cha bafuni baada ya kuoga maji ya moto, ambao mara nyingi ni mafuta ya ndani yaliyopata joto yakatanda kwenye vioo. Huo fundi mzuri anaupangusa. Halafu kuna ukungu wa kuota, yaani kuvu: nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka pembeni kama mizizi ya nyasi. Huo hata ukisafishwa, mara nyingi unakuwa umeshaila rangi ile ya zambarau waliyopaka kwenye kioo, na kovu linabaki. Nikkor ya yule kijana ina mizizi ya namna hiyo kwenye kioo cha ndani, imefika karibu nusu ya duara. Nikamrudishia. Alisema ni vumbi tu. Vumbi halina matawi, mwanangu.

Nalijua kovu hilo kwa sababu ninalo nyumbani. Zile mvua za Elinino za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 zilinikuta nimeifungia 105 yangu kwenye mfuko wake wa ngozi, chini kabisa ya kabati, chini ya mashuka. Sikuwa na shughuli kwa wiki nyingi, barabara zilikuwa maji matupu. Nilipoitoa, ngozi ilikuwa na unga mweupe na kioo kina utando kama wa buibui. Nililia kama mtu aliyefiwa. Fundi aliisafisha, nikamlipa kwa kuuza cherehani, lakini mpaka leo nikiielekeza kwenye jua picha inapauka upande mmoja. Kwa hiyo lenzi yako, iwe yoyote, usiiweke kwenye ngozi wala usiivishe kitambaa. Tafuta bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tia vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Tena itoe mara kwa mara upige nayo. Dodoma pakavu, lakini likizo utakuja nayo hapa, na hapa masika haina huruma.

Mikwaruzo ya kioo cha mbele isikutishe sana, miwili mitatu midogo haionekani kwenye picha. Kioo cha nyuma ndicho cha kukagua kwa makini.

Takumar ya 135 ndiyo safi kuliko zote. Nasema hivyo ili usije ukadhani naificha. Kioo kinang'aa, pete ya fokasi inazunguka laini kama mfuniko wa chupa ya manukato. Ungekuwa unapiga mpira au watu wa feri kule Kivukoni kutoka ng'ambo ya barabara, ningekuambia ichukue. Wewe unapiga nyuso, ndani ya nyumba za watu.

Imebaki Jupiter-9, na hiyo ndiyo ninayokushauri, pamoja na ila zake zote. Asili yake ni Sonnar ya Zeiss, kampuni ya Kijerumani, aina ya lenzi iliyobuniwa na Mjerumani Ludwig Bertele. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasovieti walichukua michoro na mitambo ya Zeiss wakaanza kutengeneza ya kwao. Ina vioo saba vilivyobandikwa katika mafungu matatu, maana zamani hizo kila kioo kilichogusana na hewa kilipoteza mwanga, na kubandika kulipunguza hasara. (Nikkor ya 105 nayo, mpaka mwaka 1971, ilikuwa ya ukoo huohuo wa Sonnar, kwa hiyo hizi mbili ni mtu na binamu yake.) Kwa vile vioo vimegundishwa, nilitafuta pembeni kama gundi imeachia, ile inayoonyesha rangi za upinde wa mvua. Haijaachia. Hakuna kuvu. Mdomo wake niliupima kwa futi ya cherehani: milimita 42, skrubu ileile ya Takumar, si ile ya milimita 39 iliyo kwenye Jupiter nyingine.

Ila ya kwanza, pete ya fokasi ni nzito, utadhani inazunguka kwenye asali. Ila ya pili, vibati vinavyofunga tundu vina mafuta. Kwenye lenzi nyingi hilo ni tatizo, kwa sababu vibati hutakiwa kujifunga ghafla unapopiga. Hii ni ya kizamani zaidi: unafunga mwenyewe kwa mkono kabla ya kupiga, kwa hiyo uvivu wake hauharibu kitu. Tazama tu mafuta yasije yakahamia kwenye vioo. Vibati vyenyewe ni kumi na tano, nimevihesabu, na tundu linabaki duara kabisa hata ukilifunga.

Ukiipata, funga adapta ya kuiunganisha na kamera yako. Adapta ni bomba tupu, haina kioo ndani, kwa sababu kutoka mdomo wa kamera yako hadi sensa ni milimita 18 tu na lenzi hii ilitengenezwa kukaa milimita 45 na ushei. Kamera itagoma ikidai haina lenzi. Ingia kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lenzi, usije ukadhani imeharibika. Halafu usiziamini sana zile rangi zinazotokea kwenye kioo cha kamera kuonyesha palipo na fokasi. Kuza picha kwenye kioo cha kamera mpaka uone kope, ndipo ukaze.

Kwa f/2, yaani tundu likiwa wazi mpaka mwisho, mita mbili na robo, kilichomo kwenye fokasi ni sentimita tano au sita, kama vidole vitatu. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni zaidi ya hapo. Tena Jupiter ikifunguliwa hivyo huwa laini, na mwanga ukiipiga usoni inapauka, kwa hiyo itafutie kofia ya mbele ya kuikinga na mwanga. Lakini kwenye kivuli cha baraza, kwa ngozi zetu, ulaini ule unafungua giza la chini ya macho kwa namna ninayoipenda mno. Ukitaka ukali, funga tundu mpaka f/4. Na ukishakaza, pete usiiguse tena. Sogeza mwili wako mbele na nyuma kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto, upige jicho linapokaa sawa.

Ile picha ya bibi yako iliyo sebuleni, anakuna nazi chini ya mwarobaini, niliipiga kwa f/4 hivyohivyo. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, chicha imemganda kwenye vidole, jasho limetengeneza mstari kutoka kwenye kilemba. Mkanda ulibakiwa na picha moja. Nilisimama kwenye mlango wa jiko na sikumwita. Alikuna, akakuna, kisha akatulia kuonja maji ya nazi kwenye kifuu, akanitazama juu ya ukingo wake. Hapo nikapiga. Hesabu mwenyewe ukija: kutoka jikoni hadi kwenye ule mzizi ni hatua mbili na nusu.

105 yangu najua utaiomba. Sikupi bado, maana Jumapili nina shughuli Kinondoni na nitapiga kwa hiyohiyo.

Kijana alianzia laki mbili na themanini kwa Jupiter, tumefika laki mbili na thelathini pamoja na adapta. Nimemwachia elfu hamsini aiweke pembeni mpaka Jumamosi. Ongea na moyo wako, pima chumba chako, unipigie kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu hapo ndipo anapofungua.

Mama yako