Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji ya chama chetu cha mafundi wa otomesheni ya viwandani, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka 2024. Shughuli za kawaida mnazifahamu, nitazipitia kwa haraka. Semina ya misimbo ya GS1, ile ya mistari kwenye bidhaa, kwa wenzetu wa viwanda vya vyakula na vinywaji, zile namba zinazoanza na 620 kwa waliosajiliwa hapa Tanzania, ilifanyika. Ziara ya kiwandani Barabara ya Pugu ilifanyika. Mafunzo ya Modbus, itifaki (yaani lugha ya mawasiliano) ya mashine za viwandani, kwa mafundi wapya yalifanyika. Tulishiriki msiba wa mwenzetu, na wote waliochangia rambirambi nawashukuru sana.

Sasa nije kwenye meza ya majaribio, yaani vifaa vyetu vya kufanyia mazoezi ya kuunganisha mashine, ambayo imesemwa sana pembeni kuliko mkutanoni.

Kampuni moja inayouza vifaa vya otomesheni ilitupa ofa: leseni za programu bila malipo kwa miaka miwili, pamoja na gharama za ukumbi na chakula cha semina zetu. Sharti lake lilikuwa kwamba mafunzo yote ya chama yafuate itifaki yake peke yake. Kamati ilikataa. Badala yake tulitoa shilingi 14,600,000 kwenye akiba ya chama, iliyokuwa milioni 19 na ushei, tukanunua PLC (kompyuta ndogo za kuendesha mashine) tatu za watengenezaji watatu tofauti, yaani Siemens, Schneider na Mitsubishi, pamoja na swichi ya mtandao, kompyuta na skrini ya opereta. Orodha ya vifaa niliiandaa mimi mwenyewe, bei nilizifuatilia mimi mwenyewe duka kwa duka, na stakabadhi zote ziko kwa Mweka Hazina. Anayetaka kuziona azione.

Wapo waliosema tumemkimbiza mfadhili na kumaliza akiba kwa ubishi wa Mwenyekiti. Naomba nijibu kwa jambo lililotokea mezani hapo hapo, mbele ya wanachama waliokuwepo.

Siku ya kwanza ya mafunzo tuliweka kifaa kimoja kitume joto la boila, nyuzi 80, kwa Modbus. Cha pili kikasoma sifuri. Kebo ilikuwa nzima, anwani sahihi, mtandao unapitisha, na vyote viwili vinatumia Modbus ile ile. Tatizo lilikuwa kwenye rejista, yaani visanduku vya kuwekea namba ndani ya kifaa. Rejista moja ya Modbus ina biti 16, na namba yenye desimali ya biti 32 inagawanywa kwenye rejista mbili. Modbus, ambayo Modicon waliitoa mwaka 1979, haikuweka utaratibu wa nusu ipi itangulie, kwa hiyo kila mtengenezaji alichagua wake. Ukizipindua nusu mbili za 80, unapata namba ndogo mno ambayo skrini inaiandika sifuri. Kijana mmoja akajaribu kusoma rejista ya kwanza peke yake kama namba kamili, akapata 17,056. Boila ya nyuzi 17,056! Kwenye kiwanda halisi opereta anayeona sifuri anaweza kuongeza moto.

Nawauliza wanaolalamika: kama vifaa vyote mezani vingekuwa vya kampuni moja, tungeliona hilo wapi? Vya kampuni moja vinaelewana tangu dukani. Kazi inayotuweka mjini sisi ni ile ya kiwanda chenye mashine ya kujaza chupa kutoka Italia, boila yenye PLC ya miaka ya tisini, mizani ya mtu mwingine, na mfumo wa uhasibu unaosubiri takwimu za vyote. Hakuna msambazaji hata mmoja atakayekufundisha kuunganisha mashine ya mshindani wake.

Ndiyo maana nilisisitiza OPC UA, itifaki nyingine ya kupitishia takwimu kati ya mashine za watengenezaji tofauti, na naendelea kuisisitiza. Humo thamani haiji uchi: inakuja na jina lake, aina yake, muda iliposomwa na alama ya kuonyesha kama inaaminika, na mtengenezaji akitaka anaweka na kipimo chake. Anayepokea habahatishi. Ni kiwango cha kimataifa, IEC 62541, si mali ya muuzaji mmoja. Wenzetu waliokuwa bado kwenye OPC ya zamani ya mwaka 1996 wanakumbuka Machi 2023, Microsoft walipokamilisha kukaza usalama wa DCOM, njia ya mawasiliano ya Windows ambayo OPC hiyo iliitegemea, bila njia ya kuuzima. Mifumo ambayo haikuandaliwa mapema ilikata mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Nilikuwa nimetoa tahadhari kuhusu hilo mapema, na ujumbe wangu upo kwenye kundi letu la WhatsApp.

Nakubaliana na waliosema vyeti vya usalama vya OPC UA, zile faili za kidijitali za kutambulishana, vinasumbua. Pande mbili zisipokubaliana vyeti, haziunganishwi. Lakini hilo ni suala la mazoezi, na meza ipo kwa ajili hiyo hiyo.

Ndugu wanachama, linaloniumiza ni mahudhurio. Mkutano wa Juni haukufikia akidi. Mafunzo ya mezani, tuliyoyagharamia kwa akiba hiyo hiyo inayolalamikiwa, yalihudhuriwa na watu wale wale. Kwenye WhatsApp tunajibizana hadi usiku wa manane, ukumbini viti vitupu. Waliopinga uamuzi kwa nguvu zaidi, wengi wao hawajaigusa meza yenyewe.

Kuhusu ada: tuko wanachama 84, waliolipa ni 31. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, kwa hiyo zimeingia 1,860,000, wakati kodi ya chumba cha mafunzo peke yake ni 2,400,000. Pengo limezibwa na kilichobaki kwenye akiba. Maelezo zaidi atatoa Mweka Hazina. Katiba inasema asiyelipa hapigi kura, na leo itafuatwa.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuongeza kifaa cha mtengenezaji wa nne, kuzungumza na vyuo vya ufundi, na kuandaa mwongozo wa Kiswahili wa kuunganisha mifumo. Rasimu ya mwongozo nimeshaianza.

Meza iko wazi kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi kwa aliyelipa ada. Njooni na mashine zenu zinazogoma.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti