Mwanangu, kabla hujachagua tarehe za Desemba

Mwanangu Rehema,

Assalaam aleikum. Likizo ya Juni ndiyo hiyo imekwisha. Wewe uko bwenini, na huku mchanga wa ufukwe wa Jambiani, Zanzibar, bado unamwagika kila nikikung'uta mkoba. Uliondoka ukilalamika kwamba siku za mwanzo zilipotea bure kwa sababu bahari haikukauka ukaweza kutembea hadi mwambani. Ni kweli, na kosa lilikuwa letu: tulipanga safari kwa kalenda ya shule peke yake. Desemba utapanga wewe.

Tulifika mwezi ukiwa nusu. Siku hizo mwezi na jua kila kimoja kinavuta bahari upande wake, basi maji huwa mafu: kati ya kujaa na kupwa tofauti ni kama meta 1 tu, tena hupwa alasiri, kwenye saa kumi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mvuto wa viwili hivyo hukutana. Siku moja au mbili baadaye ni bamvu lenyewe. Hapo tofauti hupita meta 3, na maji hukauka asubuhi, kati ya saa nne na saa tano. Ndiyo maana wiki ya pili hukutaka kurudi nyumbani.

Mpigie Bibi umuulize tarehe ya Kiislamu. Kalenda iko ukutani kwake, na hata bila kalenda anajua. Tarehe 1 na tarehe 15 kisia maji yatakauka saa nne na nusu asubuhi, kisha kila siku ongeza dakika 50. Tarehe 17 itakuwa saa sita na dakika kumi, jua la utosi. Ukirudi nyuma, punguza hivyo hivyo. Mimi ningefika tarehe 13 ya Kiislamu na kuondoka 18. Haya ni makisio. Kwa dakika kamili tazama jedwali la maji kwenye simu.

Sasa lile linaloponza watu. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Kutoka kukauka hadi kujaa ni kama saa sita, na bamvu la meta 3 saa ya kwanza hupanda sentimeta 25 tu, ungedhani yamelala. Saa ya pili hupanda 50. Ya tatu na ya nne, 75 kila moja. Mgeni aliyesimama mwambani huona miguu yake mikavu akadhani ana muda, kumbe mabonde yaliyo kati yake na ufukwe yameshajaa. Kwa hiyo anza safari ya kwenda mwambani muda wa saa moja na nusu kabla ya maji kukauka, na yakishakauka geuka, hata kama hujachoka. Kutoka ufukweni hadi mwambani ni zaidi ya kilometa moja. Watazame akina mama wa mwani, ambao Paje na Jambiani wanalima tangu 1989: wakianza kubeba viroba, nawe njoo. Hao hawahitaji simu.

Vaa raba kuukuu yenye soli nene. Ndala hunaswa na tope zikabaki huko, na hazizuii miiba. Penye mchanga buruta miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akimbie. Penye mawe usiburute, tazama unapokanyaga, kwa kuwa samaki jiwe, mwenye miiba ya sumu, hakimbii. Mtu akichomwa, mguu uingie kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hospitali. Pima joto la maji kwa mkono mzima, maana mguu wenye maumivu hautambui kama unaungua. Desemba kuna joto la kaskazi: kofia, na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu.

Miwani yako ya kuogelea ulikuwa umeiacha na chumvi yake. Nimeisuuza kwa maji baridi ya bomba na kuianika kivulini, kwani jua hukausha mpira ukapasuka. Raba pia nimeziosha, ila naona kidole gumba kimeshaanza kutoboa ya kulia. Niandikie namba ya kiatu unachovaa sasa.

Mama yako