Kwa vijana mnaokabidhiwa lori la kwanza

Wanangu,

Nasikia wengi mmeajiriwa kwenye kampuni za malori hapo Dar, na manung'uniko yenu nayasikia pia. Mgeni anapewa gari kuukuu, anazungushwa bandarini na bandari kavu, posho yenyewe haifiki mbali. Malori mapya yanakwenda Lubumbashi na madereva wakongwe. Ndivyo ilivyo, na hilo msiligombee mapema.

Gombaneni siku ya makabidhiano. Gari kuukuu limepita mikono mingi, na kila aliyeshuka ameshuka na chake: jeki, betri, tairi ya spea. Mgeni anaona haya kuuliza, anasaini fomu, anaondoka. Mwisho wa mwezi anakatwa jeki asiyowahi kuiona. Zunguka gari taratibu. Chuchumaa uangalie tairi za ndani, maana za nje ndizo zinazobadilishwa ili bosi azione. Fungua koki za mitungi ya upepo. Yakitoka maji mengi yenye oili, kompresa imeanza kuchoka, na breki zako zinategemea upepo huo. Kila kasoro iandike kwenye fomu hiyohiyo, fundi mkuu asaini, nawe upige picha. Akikwambia, "Dogo, mbona mjuaji sana?" mpe shikamoo yake uendelee kuandika.

Kwenye mafuta ndiko wengi hupotelea. Gari lililochoka hunywa kuliko jipya. Ukipewa kipimo cha jipya, sema kabla hujatoka getini, si ukirudi. Na yule atakayekufundisha kuteremka na nyutro ili lita zibaki muuze, mkimbie. Ukitoka Zambia na shaba mgongoni, milima ya Kitonga kule Iringa unaishuka, huipandi. Gia nzito iingie kabla ya kona ya kwanza. Ukishaanza kuserereka na mzigo ule, haiingii tena.

Kuhusu makato: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekukata kwa hasara aeleze kwa maandishi chanzo chake na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Lakini sheria hiyohiyo haimpi kinga ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Ndiyo maana nasisitiza fomu na picha. Kelele za mgeni ofisini hazina uzito, karatasi yenye saini ya fundi wao inao.

Utingo msimdharau, hata akiwa mdogo kwenu. Mara nyingi analijua gari hilo kuliko nyote wawili, wewe na fundi.

Sikukuu zikikaribia wakongwe watakimbilia vijijini kwao, na safari za Tunduma zitabaki bila wenyewe. Jitokezeni. Ila posho iwe mkononi kabla turubai halijafungwa. Ukishaondoka, mhasibu naye atakuwa kwao.