Wauza spea, tenganisheni nati za inchi na za milimita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza spea wa Mwanza, hasa wale wanaoweka ndoo ya nati mlangoni na kuchota humo kila mteja anapouliza.

Ninalo trekta aina ya Massey Ferguson 135, lile jekundu lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Ndilo ninalolimia mashamba yangu na ya watu, kuanzia huku Kisesa hadi kwenye majaruba ya bonde la Simiyu. Matrekta haya yalianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na wapo wanaonicheka kwa kung'ang'ania kitu cha zamani namna hiyo. Wacheke tu. Ringi, chujio, mpira wa pampu, vyote napata bila shida, vingine palepale Magu mjini. Kinachonitesa ni nati za magurudumu ya nyuma.

Gurudumu la nyuma la trekta hili linashikwa na stadi nane, yaani bolti zisizo na kichwa zinazopokea nati, na uzi wake, yale meno yanayoizunguka, ni wa inchi: unene 9/16, nyuzi 18 katika kila inchi moja. Ukitaja hivyo dukani kijana anakutazama kama umeuliza bei ya meli. Kisha anachota, anapangusa grisi, anakuambia, "Chukua hii mama, ni ya kumi na nne, inaingia." Haiingii. 9/16 ya inchi ni milimita 14.3, na nati ya milimita 14 ikilazimishwa huko inauma uzi wa kwanza na kugoma. Hapo mwenye haraka huingiza bomba kwenye mkono wa spana, akavuta, akadhani amekaza. Alichokaza ni uzi uliokwisha kuharibika, na stadi yenyewe imepona kwa jina tu.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukiweka stadi mpya ya milimita 14 halafu ukarudishia nati yako ya zamani ya inchi, inaingia kirahisi, unafurahi. Imeshika ncha za nyuzi tu. Siku trekta linavuta tela la mpunga kwenye lami ya Musoma, na matairi yamejazwa maji ili yapate uzito wa kulimia mbuga nyeusi, hizo ncha ndizo zinazobeba kila kitu.

Wanangu wauza spea, si lazima muwe wahandisi. Wekeni rula juu ya uzi mhesabu. Ule wa inchi ninaousema una nyuzi 18 ndani ya inchi moja; ule wa milimita 14 wenye hatua ya milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi, unaozagaa madukani, una karibu 17. Tofauti ni uzi mmoja, jicho haliwezi kuuona kwa kutupia tu. Njia nyingine: lazeni bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno ya moja ndani ya meno ya nyingine, mkazielekeza kwenye mwanga. Mwanga ukipenya mahali, hizo si ndugu. Kuna pia kile kipimo cha vijibati vyenye meno, kinakaa mfuko wa shati, na fundi yeyote wa kukereza vyuma pale Nyakato anacho.

Ninasema haya kwa sababu siku hizi mtu wa Dar anakutumia picha kwenye simu, unalipa, mzigo unapanda basi, unaupokea stendi asubuhi. Picha haioneshi uzi. Na kurudisha nati Dar ni hasara kuliko kuitupa.

Jambo la pili ni uso wa nati. Nati halisi ya gurudumu ina upande mmoja uliochongwa kama koni, nao unakaa kwenye tundu la diski, lile bamba la katikati ya gurudumu, na kuliweka gurudumu katikati. Tunauziwa nati bapa za kufungia mapaa, tunaambiwa tuongeze wasa. Gurudumu likifungwa hivyo linacheza kidogo kidogo, tundu linatanuka upande mmoja, na hapo hata upate nati ya Uingereza yenyewe haitakaa tena. Diski nzima inataka kubadilishwa, au tundu lijazwe kwa kuchomelewa na kutobolewa upya, kazi ambayo wanaoiweza sawasawa ni wachache.

Na tukifika kwenye kuchomelea ndipo ninapokasirika. Rimu ya nyuma ya trekta hili haikuunganishwa moja kwa moja na diski. Imefungwa kwa bolti makusudi, ili ukigeuza rimu na diski upanue au upunguze upana kati ya magurudumu, kutoka inchi 48 hadi 76, kwa hatua za inchi nne. Ndivyo unavyopita kwenye mistari ya pamba bila kuikanyaga. Bolti hizo zikikosekana, mafundi wetu wanachomelea rimu kwenye diski moja kwa moja. Nimeyaona matrekta ya namna hiyo Misungwi na Kwimba. Yanalima, ndiyo, lakini kwenye palizi hayafai tena, na mwenye nalo anaambiwa trekta lake limepitwa na wakati!

Kukereza stadi mpya kunawezekana. Kuna karakana moja iliyonikerezea kwa nondo ya kujengea. Zilikatika msimu uleule, moja baada ya nyingine. Fundi aliyefuata alikataa nondo, akatafuta chuma cha ekseli ya lori, na hizo ziko hadi leo. Kwa bolti za dukani, tazameni kichwani: za inchi zenye mistari mitatu ni ngumu, zenye mistari sita ni ngumu zaidi, za milimita zimeandikwa 8.8 au 10.9. Bolti ya inchi ambayo kichwa chake ni cheupe kabisa, bila alama yoyote, mwuzieni anayetengeneza geti.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maduka ni ndoo mbili badala ya moja, na chaki ya kuandika juu yake. Kwa wanunuzi wa chuma chakavu ninalo jingine: likija trekta la zamani, kabla hamjalipiga moto wa gesi, fungueni nati na bolti za magurudumu kwanza, mziweke kando. Kwenye mizani yenu hazifiki hata kilo chache. Sisi tutazinunua moja moja, kwa bei ya juu kuliko ya chuma, na hatutaomba risiti.

Mama mwenye trekta,
Kisesa, Magu